Nyuzi za Mama Titulaire

Kabla hajafika yeye, ulifika mwavuli wake. Ulikuwa mweusi, mkubwa, wa mpini wa mbao, na uliteremka barabara ya vumbi ya Lumumba kila asubuhi, jua liwe limetoka au halijatoka. Watoto wa mtaani walimwita Mama Mwavuli. Sisi wauguzi wa kituo cha afya tulimwita Titulaire, kwa sababu ndiye aliyekuwa mkuu wetu, na huku kwetu muuguzi anayeongoza kituo huitwa hivyo hata akienda sokoni kununua mboga ya sombe. Mumewe pia alimwita Titulaire, nilimsikia kwa masikio yangu. Jina lake la ubatizo nililisoma mara ya kwanza kwenye msalaba wa kaburi lake, na mpaka leo nikiliona naona kama ni la mtu mwingine.

Alizaliwa wapi, na kwao ni kina nani, sikuwahi kumuuliza. Mji wetu wa Bunia, siku hizi za vita, si mahali pa kuuliza hayo, kwa maana jibu lolote humweka mtu upande fulani, na yeye hakutaka kuwekwa. Majeruhi akiletwa, wale waliomleta wakaanza kueleza anatoka kijiji gani na aliyemkata anatoka kijiji gani, Titulaire aliwaonyesha benchi ya nje. "Mukakae pale," aliwaambia. "Huku ndani tuko naangalia kidonda."

Watu walimjua hadi vijiji vya mbali kama Aveba, na hawakumjua kwa chanjo wala kwa kuzalisha, ingawa hayo aliyafanya kama wauguzi wengine. Walimjua kwa kushona sura. Mtu akikatwa panga usoni, akianguka na pikipiki, akichanwa na bati la paa siku ya upepo, ndugu zake walipita vituo viwili vitatu vilivyo karibu nao wakamleta Lumumba. Kama kidonda kilikuwa cha mguu alituachia sisi. Kama kilikuwa cha uso, alikunja mwavuli, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, na hapo tulijua kwamba hatutazungumza naye kwa saa mbili.

Hakuanza na sindano. Aliosha uso kwa maji ya chumvi, polepole, mpaka aliyeumia akachoka kuogopa. Kisha alichukua kalamu ya wino wa bluu aliyoipangusa kwa spiriti na kumwambia mgonjwa, "Sema mama." Kila mtu anaweza kusema mama, hata mwenye mdomo uliopasuka vipande viwili, na kila asemapo midomo hutafutana. Titulaire alitazama inatafutana wapi, akatia alama ya wino kwenye ukingo wa mdomo, moja huku na moja kule, kabla ya kuchoma dawa ya ganzi. Ganzi ikiingia, uso huvimba, na ule ukingo haujulikani tena uko wapi. Ukikosea hapo kidogo tu, mtu atakaa na mdomo wenye ngazi mpaka anakufa. Alipokwisha kushona alimwambia tena, "Sema mama," na kama midomo haikukutana sawasawa alikata nyuzi zote, akaanza upya. Nimemwona akifanya hivyo wakati sote tuna njaa na mgonjwa mwenyewe anaomba aachwe aende zake.

Nyusi hakuzinyoa kamwe, maana huenda zisirudi. Nyuzi za usoni alizitoa siku ya tano. Mgonjwa asipofika siku hiyo, Titulaire alimfuata kwake kwa pikipiki, mwavuli ameubana mapajani, na dereva akilalamika kwamba fimbo hiyo inamchoma mgongoni.

Mimi nilitoka shule ya uuguzi nikidhani najua kushona. Akanipa ganda la ndizi iliyoiva sana, ile yenye madoa meusi, pamoja na uzi mwembamba kuliko wote, na kuniambia niunganishe mpasuko wa urefu wa kidole bila kuongeza mwingine. Nilipasua maganda wiki nzima. Aliyatazama moja moja na kusema maneno yale yale, "Fungula. Anza tena." Nilipofaulu, alitazama, akasema, "Sasa chukua yenye imeiva zaidi." Hakusifu. Miaka kumi na minne nilifanya kazi chini yake, nikashona sura ambazo leo zinapita mjini na hakuna anayejua kwamba ziliwahi kupasuka, na sikupata kutoka kinywani mwake neno moja la kusema nimefanya vizuri. Watu wengine hawahitaji kusifiwa. Mimi nilihitaji, na ninakiri, kuna siku nilirudi nyumbani nikiwa na hasira naye kwa ajili hiyo tu.

Kitu kingine alichokataa ni kumdanganya mgonjwa. Siku moja nilimwambia mtoto mwenye jeraha la paji la uso kwamba haitauma. Titulaire alinivuta pembeni. "Usimudanganye. Akisikia maumivu, atajua mikono yako iko ya mutu wa bongo, mutu wa kudanganya, na hatakuachilia uso wake tena. Mwambie itauma kidogo, na uko naye." Tangu siku hiyo hayo ndiyo maneno yangu kwa kila mgonjwa, na kwa kweli yanasaidia kuliko uongo.

Yupo mama mmoja wa Djugu ambaye siwezi kumsahau. Walimleta kwa pikipiki, amefungwa kwa kitenge pamoja na dereva ili asianguke, panga limepita kutoka sikioni mpaka pembe ya mdomo. Titulaire alimwosha, akashika kalamu, akamwambia aseme mama. Yule mwanamke akatikisa kichwa. Akaambiwa tena, akatikisa tena, na machozi yakaanza kuingia kwenye kidonda. Baadaye ndipo tulipojua kwamba mama yake mzazi alikuwa ameuawa asubuhi ile ile mbele yake. Titulaire hakujua lolote, lakini aliona. Aliweka kalamu chini, akangoja, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Basi sema mimi." Mwanamke akasema mimi, na midomo yake ikatafutana kama ya watu wote. Siku hizi anauza makala karibu na kituo chetu, na kovu lake usingeliona kama usingeambiwa.

Sasa niseme jambo ambalo kituoni hatukulisema. Mwanamke huyo aliyeijua ngozi kuliko sisi sote alikuwa akijichubua.

Uso wake ulikuwa wa rangi ya embe, na mashavuni mishipa midogo myekundu ilionekana kwa nje. Masikio yalibaki meusi, nyayo zilibaki nyeusi, na viungo vya vidole vilikuwa vyeusi tii. Mkononi mwake ungeweza kuhesabu kila kiungo kwa mbali. Ndiyo maana ya mwavuli. Jua dogo tu lilimuunguza, na jasho likimtoka, harufu ya mchanganyiko wake ilijaa chumbani. Huku wanawake huuita maquillage, vipodozi kwa Kifaransa, utadhani ni poda ya kuosha kwa maji. Ni mafuta ya kopo, na sabuni fulani, na ndani yake hukamuliwa tyubu ya dawa ya mzio wa ngozi kutoka famasi. Tyubu hiyo ilikuwa kabatini mwetu. Yeye mwenyewe alitufundisha kwamba mgonjwa apewe ya siku saba na isizidi, kwa kuwa hupunguza unene wa ngozi. Alifundisha hivyo akiwa amesimama mbele yetu na uso ule, nasi tuliandika kwenye madaftari yetu, na hakuna aliyeinua macho.

Tulinyamaza kwa heshima. Titulaire ni Titulaire. Na kunyamaza kwenyewe kungekuwa afadhali, kwa sababu tulifanya na zaidi. Kila mwaka, sikukuu ya wanawake ya mwezi wa tatu ilipokaribia, wauguzi tulishona sare za kitenge kimoja na kumwandalia mkuu wetu kikapu. Mimi ndiye niliyetumwa soko kuu kila mara, kwa sababu nilijulikana kuwa na jicho zuri. Niliweka kitenge, sabuni ya kunukia, kisha makopo mawili makubwa ya mafuta aliyoyapenda, yale yenye picha ya mwanamke mweupe anayecheka. Nilijivunia kuyajua. Aliyafungua mbele yetu, akayanusa, machozi yakamlengalenga, akasema, "Munanijua kweli." Nasi tukapiga makofi.

Mwaka wangu wa tatu pale kituoni nami nilianza kujipaka. Wiki ya pili tu akaniona. Alinishika kidevu, akageuza shavu langu kwenye mwanga wa dirisha kama anavyotazama kidonda, kisha akafungua mkoba wangu bila kuniomba ruhusa, akatoa kopo, akalimwaga lote kwenye shimo la choo. "Weye hapana," alisema. Nilitaka kumuuliza, na weye, Titulaire? Neno lilifika kwenye meno, nikalirudisha. Nilikuwa na haya, na nilikuwa na hasira, na sikujua kwamba siku ile nilikuwa nimependwa.

Aliyemuuliza alikuwa msichana mgeni kabisa. Alitoka Mongbwalu, mchumba wa mfanyabiashara wa dhahabu, amejifunika vumbi la njia lakini kucha zake zimepakwa rangi. Alikuja na simu, na ndani ya simu picha ya mwanamke mwenye vibonyeo mashavuni.

"Mama Titulaire, nasikia uko nashona sura muzuri sana," alisema. "Minataka unitoboe hapa na hapa, uvute na uzi kwa ndani, nikicheka kuonekane bishimo. Kampala banafanyaka."

Titulaire alimwambia acheke. Msichana akacheka.

"Unachekaka muzuri. Kitu gani inakosa?"

"Bwana wangu anapenda bishimo."

"Mi nashonaka yenye imepasuka," alisema Titulaire. "Yenye iko muzima sikatake."

Msichana alimtazama kwa muda, mashavu yale mekundu, masikio yale meusi. Sidhani alitaka kumtukana. Alikuwa anauliza kama mteja anavyouliza fundi. "Na ya kwako, Mama, ilipasukia wapi?"

Titulaire alitazama mikono yake, ambayo siku hiyo haikuwa na glavu, akaikunja. "Umetoka mbali," alimjibu. "Kunywa maji kwanza." Akamletea maji yeye mwenyewe kwenye kikombe chake. Msichana alipoondoka, Titulaire aliingia stoo ya dawa, akakaa humo mpaka saa ya kufunga. Nilipita mlangoni mara mbili na kila mara nikaendelea na safari yangu. Leo ningeingia.

Kwa nini alianza? Mjini walisema ni kwa ajili ya mume, kwa sababu mjini kila kitu cha mwanamke husemwa ni kwa ajili ya mume. Mimi aliniambia kwamba mimba ya mwisho ilimwachia madoa usoni, akataka kuyafuta tu, kisha akashindwa kuacha, maana alipoacha wiki moja uso ulimuwasha na kuwa mweusi zaidi ya mwanzo. Niliamini. Baadaye alinipa sababu nyingine, na sijui ni ipi ya kweli. Pengine zote mbili.

Miaka miwili ya mwisho alianza kushika tumbo kila alipoinama. Nilijua ni nini, hata mwanafunzi angejua. Kitovu kilikuwa kimetoka, na kila mwezi kilitoka zaidi, naye alikaza kitenge juu yake. Hernia, ngiri ya namna hiyo, hupasuliwa, ikashonwa, mtu akarudi nyumbani. Nilimwambia aende hospitali. Akasema ataenda baada ya kampeni ya chanjo. Kampeni ikaisha, akasema baada ya mvua. Mvua zikaisha, wakaja majeruhi, akasema baada ya hao. Nilifikiri anaogopa kisu, nikamtania kwamba fundi cherehani anaogopa sindano. Alicheka kidogo. Alichoogopa ni nyuzi, na alikuwa na haki ya kuogopa, kwa sababu alijua kile ambacho mimi sikutaka kukijua.

Alianguka Alhamisi moja tukipima watoto uzito. Utumbo ulikuwa umebanwa na hapakuwa tena na baada ya hiki wala kile. Daktari wa upasuaji alifanya kazi yake vizuri, nasema hivyo nikiwa nimeona. Nyuzi za ndani zilishika. Siku ya nane ngozi ya juu ikafunguka yote, nyuzi zikiwa zimeikata kama waya unavyokata sabuni. Daktari alinitoa nje kwenye ukumbi.

"Unajuaka anapakaaka nini?" aliniuliza.

"Najua."

"Tangu wakati gani?"

Nikamtajia miaka, na nilipokuwa nikiitaja niligundua kwamba nilikuwa nahesabu vikapu.

"Nilirudilia kushona mara moja, ikakatika tena," alisema daktari. "Ngozi imekuwa sawa karatasi yenye imelowana. Na mwili umezoea ile dawa, hauko na nguvu ya kujiponyesha." Aliniangalia kama anayetaka kunilaumu, kisha akaona uso wangu, akaacha. Sijawahi kumwambia mtu yeyote kituoni habari za mazungumzo yale. Mwaka huu sikukuu ya mwezi wa tatu ilipofika, walinituma soko kuu kama kawaida kwa ajili ya mkuu mpya. Nilisema naumwa.

Mara ya mwisho nilipokaa naye ilikuwa Jumatatu asubuhi, wiki ya tatu baada ya upasuaji. Nilimkuta yule mama wa Djugu amekaa kwenye ukingo wa kitanda, mikono yake bado ina weusi wa makala, akimlisha uji kwa kijiko. Titulaire alikuwa amekonda. Tangu aletwe hospitali alikuwa hajipaki, na uso ulikuwa umeanza kurudi kwake kwa viraka, mweusi hapa, mwekundu pale.

"Kunywa tena, mama," alisema mwanamke. Neno hilo alilisema tu, kama watu wanavyosema.

Titulaire alisogeza kijiko pembeni, akamtazama midomo kwa makini. "Inakutana," alisema, na mwanamke hakuelewa, akacheka kwa mdomo wake ulionyooka. Mimi nilijifanya natafuta kitambaa.

Mwanamke alipokwenda zake, Titulaire aliniambia nifunge mlango. "Ile mwaka ya batu bengi," alisema, na sikuhitaji kuuliza ni mwaka gani, maana kila mtu wa Bunia anaujua mwaka ule wa mauaji, "nilikuwa nashona sura tangu asubuhi mpaka mangaribi. Nikifika nyumbani, nikijiangalia mu kioo, naona bale batu. Haiko miye. Njo sababu nilianza kupakaa. Nilitaka nione mutu mwengine."

Nilimshika mkono, ule wenye viungo vyeusi.

"Docteur anasema abakishe kidonda wazi," aliendelea. "Miye sitaki kuenda nikiwa wazi. Weye utanishona."

Nilikwenda kumwomba daktari. Akasema kwamba haitadhuru kuliko ilivyokwisha kudhuru, na kwamba atasimama karibu. Tulisukuma kitanda mpaka chumba cha vidonda, tukainua shuka katikati ili yeye aone dari tu. Nikanawa mpaka kwenye viwiko. Nikachagua uzi mwembamba kuliko wote, ule wa sura.

"Titulaire, itauma kidogo," nilisema. "Niko nawe."

"Njo vile," alikubali.

Nilishona kama alivyonifundisha kwenye ganda lililoiva sana, mbali na ukingo, bila kuvuta, pumzi ikiwa imefungwa. Uzi wa kwanza ulikaa, nikaufunga, nao ukaikata ngozi ukatokea upande wa pili bila sauti. Wa pili vile vile. Nilisogea mbali zaidi na ukingo. Nilitia saba. Wa saba ulishika, nikaanza kumshukuru Mungu, halafu nikaona ngozi inaachana polepole mbele ya macho yangu kama mtu anayefungua mkono. Daktari alivua glavu zake, akageukia dirisha. Nilichomoa nyuzi moja moja kwa kibano, nikazitia kwenye mfuko wa koti langu ili asizione kwenye trei. Kisha nikaweka kitambaa cha kompresi juu ya kidonda, nikashusha shuka.

"Zimeshika?" aliuliza.

"Zimeshika, Titulaire. Zote."

Alisogeza mkono chini ya shuka, akaupeleka taratibu juu ya kompresi, akauacha hapo. Vidole vile vilikuwa vimegusa nyuzi kwa miaka mingi kuliko umri wa kazi yangu, na vilijua kilicho chini ya kitambaa bila kusaidiwa na macho. Nilingoja aniambie nifungue, nianze tena. Nilikuwa tayari kuanza tena, ningeanza mara mia. Alinitazama kwa muda mrefu, na nikaona kwamba amejua.

"Umeshona muzuri," alisema.

Nikamwambia asante, Titulaire, na nyuzi zote saba zilikuwa mfukoni mwangu.